Kinachowasha Kinapona

9 Februari

Dada,

Shikamoo. Najua swali lako la kwanza: barua ya nini na simu ipo? Simu yako unaiweka kwenye spika ili mikono isitoke kichwani kwa mteja, na kila aliye kwenye foleni anachangia. Mara ya mwisho nilipokueleza habari za mguu wangu nilitajiwa dawa nne na watu nisiowajua. Hili la leo sitaki lichangiwe. Lisome ukiwa peke yako, unijibu kwa karatasi, kama tulivyokuwa tunaandikiana nilipokuwa shule ya bweni.

Alhamisi moja ya mwezi uliopita alikuja mwalimu mkuu mmoja mstaafu kujaribu sketi yake. Nikampandisha kwenye kile kibao changu, nikapiga magoti na pini mdomoni, nazunguka pindo. Yeye juu, mimi chini. Akasema, "Fundi, uliwahi kuungua utosini?" Nikatikisa kichwa. "Basi ukipata nafasi kajiangalie." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anayemwambia mtoto kamba ya kiatu imefunguka.

Nilifunga duka nikashika vioo viwili. Dada, katikati ya utosi pana mahali panang'aa, ukubwa wa kizibo cha soda. Si nywele kukatika, maana zikikatika vishina vinabaki. Hapa hapana kitu, hata vile vitundu zinamotokea havipo. Unakumbuka nilivyokuwa nakulalamikia kwamba utosi unawasha, unachoma kama umepakwa pilipili, ukaniambia nibadilishe mafuta? Ni hapo hapo.

Nimekwenda kwa daktari wa ngozi. Ni binti mdogo, ungemwona ungemtuma chumvi dukani. Aliangalia kwa lenzi yenye taa, akasema lazima akate kipande kipimwe. Akakata nyama ndogo kuliko punje ya mchele, akashona nyuzi mbili. Kushona kwake si kubaya. Akaniuliza kama kuna mtu kwenye ukoo mwenye upara wa utosini, mama au dada. Nikamwambia hapana, mama alikuwa na nywele zake mpaka tunamzika, na dada yangu ni msusi, ana nywele za kugawa.

Majibu yametoka jana. Unaitwa upara wa makovu. Kuna upara mwingine ambao mzizi umelala tu, na ukiuamsha unaamka. Wangu si huo. Mwili wenyewe unavishambulia vitundu vya nywele, na kila kinachokufa kinazibwa na kovu, na penye kovu hapaoti kitu tena. Nikamuuliza, "Zitarudi lini?" Akasema, "Mama, hatutibu ili zilizokwenda zirudi. Tunatibu ili zilizobaki zisiende." Nimeandikiwa sindano za kichwani kila baada ya wiki sita, vidonge vya kutuliza huo uvimbe wa ndani, na dawa ya kupaka. Dakika saba nilizokaa mbele yake, nilizihesabu kwenye saa ya ukutani.

Baba watoto sijamwambia. Nimeanza kulala na kitambaa.

Mdogo wako,
Sindano

*

20 Februari

Sindano wangu,

Marahaba. Nimeisoma kwenye kiti cha draya mchana wateja walipopungua, nikajifanya nasoma bei za rasta. Pole sana, mdogo wangu. Pole tena na tena.

Sasa nisikilize mimi mwenye miaka ishirini na mbili ya vichwa vya watu. Wateja hawaniiti Mama Kaza bure. Nimeona mba, mapunye, vichwa vilivyoungua kwa dawa ya kulainisha nywele, wanawake waliotoka uzazini nywele zikashikika mkononi kama pamba. Zote zilirudi. Huyo binti wako amevitoa vichwa kwenye vitabu. Mimi nimevishika. Kizibo cha soda nacho ni kitu cha kumtia mtu hofu? Kuna watu wanakuja kwangu na sahani.

Na hilo la kuwasha lisikutishe kabisa. Jambo hilo nyumbani kwetu tunalijua tangu utotoni: kinachowasha kinapona. Kidonda kikianza kuwasha ujue nyama mpya inakuja. Kichwa nacho ni mwili, hakina sheria yake.

Sindano za kichwani mimi sizipendi, lakini kama umeshaanza, haya. Ila nijibu swali moja bila kunizungusha: alikuuliza ni nani anayekusuka?

Baba watoto usimwambie kwa sasa. Mwanamume akiambiwa jambo la nywele anajua tu kusema nyoa. Ukija likizo nitakuwekea mtindo unaofunika, hata upepo hautajua.

Dada yako,
Mama Kaza

*

3 Aprili

Dada,

Shikamoo. Hakuuliza. Angeuliza ningekwambia.

Sindano nimechomwa mara mbili. Unaweza kucheka: Sindano kachomwa sindano. Anachoma kidogo kidogo kuzunguka lile eneo, mara kumi na tano au ishirini, na kila moja unaisikia mpaka kwenye meno. Baada ya ile ya pili kuwasha kumekoma kabisa. Utosi umekuwa kimya, kama nyumba ambayo watoto wamekwenda shule. Lakini hakuna unywele hata mmoja uliotoka. Nimemwambia daktari hivyo, akasema, "Vizuri sana, unatulia." Vizuri kwa nani? Nilitoka pale nikalia chooni hospitalini, halafu nikanawa uso nikarudi kazini, kuna mtu alikuwa anasubiri kola yake.

Mteja wangu mmoja, nesi mstaafu, ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja wa homiopathi. Usinune kabla hujamaliza kusoma. Ana chumba ghorofa ya pili juu ya duka la vitabu, rafu nzima ya vichupa vya kahawia, na kiti ambacho ukikaa hutaki kuinuka. Dada, alinisikiliza saa nzima. Aliniuliza kama napenda chumvi, kama naogopa radi, kama nalala ubavu wa kushoto, mara ya mwisho nililia lini na kwa nini. Nikamweleza habari za mama. Akaweka kalamu chini. Akasema huzuni isiyotoka kwa macho hutafuta mlango mwingine, na wangu umetokea kichwani. Nilijisikia mtu amenifungulia dirisha. Maana kama ni huzuni, inaweza kwisha, sivyo?

Amenipa punje nyeupe tamu za kuweka chini ya ulimi. Huruhusiwi kuzigusa kwa vidole, na kahawa marufuku. Anasema dawa huchanganywa na maji, yakachukuliwa kidogo yakachanganywa tena, na tena, mpaka dawa yenyewe haipo na kinachobaki ni kumbukumbu yake. Alinionya kwamba mwanzoni dalili zinaweza kuzidi, na kuzidi huko ndiko kunakoonyesha mwili umeamka.

Unasemaje?

Sindano

*

15 Aprili

Sindano,

Nasema maji yenye kumbukumbu ni makubwa! Basi bomba la hapa saluni linakumbuka vichwa vya mji mzima, tuyafungie maji yake kwenye vichupa tutajirike. Na wewe uliyekataa kunywa dawa ya minyoo mpaka ushikwe miguu na mikono, leo unalamba sukari kwa utiifu.

Lakini sikukatazi. Mtu anayekusikiliza saa nzima ni wa kumshika, hata akikupa unga wa ngano. Nenda kote kuwili kama moyo wako unataka.

Ila mama usimwingize humu. Mama amepumzika. Usikae kwenye kiti cha mtu usiyemjua ukamtoa mama huko alikolala ukamweka juu ya meza. Mengine ya mama hayahitaji kusemwa.

Hapa kazi ni nyingi. Fundi wangu wa kucha ameolewa na kuacha kazi siku moja, bora angenipa wiki. Nimepata mafua yasiyoisha. Nakukumbuka.

Dada

*

2 Julai

Dada yangu,

Shikamoo, shikamoo mara mbili, leo nina furaha.

Kunawasha! Kumerudi, tena kwa nguvu. Kulianza mwanzoni mwa Juni, kidogo kidogo upande wa kisogo, sasa utosi mzima unawaka mpaka naacha mkasi katikati ya kitambaa nijikune kwa kifundo cha kidole. Wiki mbili za kwanza niliogopa. Nikaenda kwa mzee wangu, akafurahi, akaandika kwenye daftari lake, akasema mwili umeamka. Halafu nikakumbuka barua yako. Wewe humwamini mzee, mzee hakujui, na bado mmesema neno lile lile. Watu wawili wasiojuana wakikubaliana, mimi ni nani nibishe?

Sasa nikwambie ukweli niliokuficha. Hospitali nimeacha tangu Mei. Sindano, vidonge, yote. Vidonge vilikuwa vinanichafua tumbo, na zile sindano zilikuwa zinakifanya kichwa kimya, na mimi ukimya huo sikuupenda. Niliona kama nakizika. Mzee hajui kwamba nimeacha, nilimwambia nimemaliza dozi. Daktari naye hajui kwamba nina mzee. Unajua peke yako.

Baba watoto aliniambia juzi, "Vua hicho kitambaa, joto hili." Nikamwambia kichwa kinaniuma. Ni mwezi wa tano kichwa kinaniuma, maskini, ameninunulia mpaka miwani.

Niandikie haraka unipongeze. Najiona natoka kwenye shimo.

Sindano wako

*

11 Septemba

Sindano,

Samahani kwa kuchelewa. Mafua, halafu kodi ya fremu ya saluni, halafu bomba la maji lilipasuka.

Rudi hospitali. Kachomwe hizo sindano. Usiniulize kwa nini, nenda tu.

Dada

*

30 Oktoba

Dada,

Nilipoipata ile barua ya mistari mitatu nilikasirika. Miezi miwili na zaidi nasubiri pongezi, naletewa amri, tena bila sababu. Nikasema huyu amezidiwa na kazi, ameisoma barua yangu juu juu. Nikaiweka chini ya cherehani nikaendelea na punje zangu wiki nne nyingine.

Jumatatu ya wiki iliyopita nilikuwa naoga, maji yakashuka usoni upesi kuliko kawaida. Sijui kama utanielewa. Maji yana njia yake kwenye nywele, yanachelewa. Safari hii hayakuchelewa. Nikapeleka mkono, mkono ukateleza.

Nimerudi kwa yule binti. Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Alipima kwa rula, akalinganisha na faili. Februari, kizibo cha soda. Sasa ni kiganja, Dada. Kiganja changu chote na vidole viwili, mpaka mahali pa kuanzia kisogo. Akaniuliza, "Kulikuwa kunawasha?" Nikasema ndiyo, tangu Juni. "Mbona hukuja?" Nikamwambia nilijua kunapona. Akaweka lenzi mezani. "Mama, kuwasha ndiko kulikokuwa kunatuambia ugonjwa unaendelea kula. Kulipokoma mwezi wa tatu ndipo tulikuwa tunashinda. Nani alikwambia kuwasha ni kupona?"

Nikasema, "Mtu anayejua nywele."

Akavuta faili, akaniandikia sindano upya.

Kwa mzee nilikwenda pia, kumwambia. Alivua miwani. Akasema, "Mwanangu, sikukwambia uache ya hospitali." Ni kweli, hakuniambia. Nikamuuliza kama amewahi hata mara moja kuona nywele zikiota juu ya kovu. Akasema hajawahi. Nikamuuliza mbona hukusema siku ile ya kwanza. Akasema, "Hukuniuliza hilo. Ulikuja kuniuliza kuhusu mama yako." Nilishuka ngazi nikakaa mbele ya duka la vitabu mpaka mwenye duka akaniletea maji.

Zile zilizokwenda hazitarudi. Nililijua hilo tangu Februari, niliambiwa kwa maneno mepesi kabisa, na nikaenda kutafuta mtu wa kuniambia jingine.

Sasa niambie. Septemba uliandika nisikuulize kwa nini. Nauliza. Kwa nini?

Mdogo wako

*

8 Novemba

Mdogo wangu,

Nimeanza barua hii mara nne. Leo nimefunga saluni mchana, nimegeuza kibao cha mlangoni, na nitaimaliza hata wakigonga.

Mama hakuwa na nywele.

Wewe ulikuwa bweni, halafu ukaolewa, na mama alikuwa mtu wa kitambaa tangu tunapata akili, hatukuwahi kushangaa. Nilidhani ni staha. Mwaka ule alipolala kitandani, asiweze kuinua mkono, ilibidi nimwoshe mimi. Siku ya kwanza alinikatalia kitambaa. Ya pili akanikatalia. Ya tatu alikuwa na homa, akaniachia. Nikakifungua. Kuanzia juu ya paji mpaka kisogo ni ngozi tupu, laini, inang'aa, imebaki duara ya nywele chini kama ukanda. Mimi msusi, nimeshika vichwa vya watu maisha yangu yote, kichwa cha mama yangu mzazi nilikuwa sijawahi kukiona. Alilia kwa aibu. Anakufa na analia kwa sababu ya nywele. Akanishika mkono akasema, "Usimwambie mwanamke yeyote, hata mdogo wako." Nikaahidi.

Lile neno la kinachowasha kinapona ni la mama. Hulikumbuki? Alikuwa anapitisha mkia wa kitana chini ya kitambaa, anajikuna mpaka macho yanafumba, tukimuuliza anajibu hivyo. Miaka kumi na tano alijikuna hivyo. Kwa hiyo nilijua, mdogo wangu. Nilipokuandikia Februari nilikuwa nimeshaona mwisho wa kuwasha kule. Niliandika kwa sababu ndilo neno la nyumbani, lilitoka lenyewe, na kwa sababu nilitaka liwe kweli.

Mstari wako ule, kwamba daktari alikuuliza mama au dada na wewe ukajibu hapana, niliusoma mara tatu kwenye kiti cha draya. Nikaikunja barua. Nilisema moyoni, nikimwambia, nimemvua mama kitambaa mbele ya watu. Sasa naona nilimchagua marehemu nikamwacha aliye hai. Ungejua tangu mwanzo kwamba ni damu yetu, usingemsikiliza mtu anayekwambia ni huzuni. Na barua yako ya Julai, ile ya furaha, ilinikuta nikiwa na mteja. Nilimwacha na nusu kichwa nikaenda nyuma kuisoma upya. Miezi miwili nilikuwa natafuta namna ya kukwambia urudi bila kumtaja mama. Sikuipata, nikakutumia mistari mitatu.

Jingine. Najua aliuliza nani anakusuka. Daktari yeyote angeuliza. Ulidanganya kunilinda, na mimi nilijua umedanganya, nikashukuru. Mikono hii ndiyo iliyokukaza tangu una miaka sita. Ulikuwa unalia, nakuambia tulia, urembo ni kuvumilia. Nilikuwa naipenda sifa hiyo ya Mama Kaza. Kwa miezi kadhaa sasa nasuka kwa kulegeza, wateja wananung'unika kwamba rasta hazifiki wiki tatu, wawili wamehama.

La mwisho, kisha nakuachia uniseme unavyotaka. Hizi nywele ulizomwambia daktari kwamba nina za kugawa ni wigi. Siyo zote. Chini yake zangu zipo, bado nzito pembeni, lakini utosini zimepungua na kunawasha. Mwaka wa pili sasa. Najikuna nikifika nyumbani. Sijaenda kokote na sidhani kama nitakwenda. Nitakaaje mbele ya mtoto yule nimwambie mimi ni msusi? Na nimeshazeeka, nani ataangalia?

Je, utanisamehe?

Dada yako

*

27 Desemba

Dada,

Shikamoo.

Barua yako niliisomea dukani nikiwa na suti ya bwana harusi mezani. Niliikunja, nikashika mkasi, nikakata mbele badala ya nyuma. Mita tatu za kitambaa cha mtu. Ilibidi nizunguke maduka matano kutafuta rangi ile ile.

Wiki saba sikukuandikia kwa sababu kila nilipoanza nilianza na tusi. Siku nyingine tusi lilikuwa lako, siku nyingine la mama. Halafu nilikuwa namwona amelala pale, mkono haumtii, wewe unafungua fundo la kitambaa, na tusi linaniishia. Kumbe alijikuna peke yake miaka yote ile. Angeniambia mimi, hata siku moja, ningemshonea vitambaa vya hariri. Nimekasirika kwamba hakuniambia. Nimekasirika kwamba ulimwona na mimi sikumwona.

Unaniuliza kama nitakusamehe. Sijui, Dada. Kuna asubuhi naamka nimekusamehe, nikifika kwenye kioo nimekuchukia tena. Sitaki kukudanganya, tumeshadanganyana vya kutosha mwaka huu.

Daktari amenichoma mara mbili tena. Kumekoma. Anasema unatulia, na safari hii nimesema asante. Pembeni zipo, na mbele zipo kidogo. Nimezikata zote fupi. Baba watoto nilimwonyesha mwenyewe, nilivua kitambaa mezani tunakunywa chai. Akaangalia, akasema alijua tangu Machi, aliona kwenye kioo cha gari. Nikamuuliza mbona ulinyamaza. "Niliona unaogopa, nikaogopa na mimi." Kisha akaniuliza ile miwani sasa ya nini. Tulicheka, halafu nikalia mpaka chai ikapoa.

Kazini bado navaa kitambaa. Sina ujasiri huo, wala usiniombe niwe nao.

Daktari nimemweleza habari za mama. Aliandika kwenye faili langu, chini ya pale palipoandikwa hapana. Akauliza, "Na dada?" Nikamwambia utosini kunawasha mwaka wa pili, nywele bado zipo. Unajua alifanya nini? Alisimama. Binti yule huwa hasimami, ana foleni mpaka mlangoni. Akasema, "Kama bado zipo, mlete. Mlete upesi."

Kwa hiyo huniambii umezeeka. Huniambii nani ataangalia. Mimi nitaangalia. Una miadi tarehe nane Januari, saa tatu asubuhi, jina lako nimeliandikisha mwenyewe kwenye dirisha la mapokezi. Panda basi la kwanza, nitakupokea stendi. Usisuke, usipake kitu, wigi liache nyumbani, funga kitambaa tu kama watu wote. Ukifika ndani nitavua changu kwanza, wewe utavua cha pili.

Akikuuliza kazi yako, sema msusi. Akiuliza aliyenisuka, nitajibu mimi.

Usipoonekana nitakuja huko na basi la jioni, nikutoe saluni mbele ya wateja wako wote, na wachangie wanavyotaka. Zangu hazirudi, Dada. Zako bado ziko kichwani. Njoo.

Mdogo wako